Achia Nguzo

Siwezi kuandika nikiwa nimekaa. Karatasi nimeiweka juu ya friji iliyoharibika hapa nyumbani kwangu Munyaka, naandika nikiwa wima, na kila baada ya sentensi mbili au tatu natoka nje kuangalia anga. Daktari alisema magoti yangu yapumzike. Magoti yamekubali. Macho ndiyo yamekataa.

Vijana wangu wa tenti, nyinyi mnaopakia nguzo kwenye lori kabla jua halijatoka na kurudi jioni mkitema vumbi, haya ni yenu. Msiyasome kwa utulivu. Kazi yetu haina utulivu.

Nimesimamisha tenti Eldoret na mashamba yanayoizunguka tangu siku za turubai nzito na kamba za mkonge, wakati nguzo zilikuwa miti ya bluegum tuliyochonga wenyewe. Harusi, mazishi, harambee, mikutano ya injili. Watu wananiita Mama Turubai kwa sababu nilianza kwa kushona, kisha siku moja kikosi kikakosa mtu wa kushika nyundo, nikaishika, na sikuirudisha. Leo msimamizi ni binti yangu Atieno. Nitawaambia yaliyotukuta Aprili iliyopita, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi huko mbele ya Kapsoya. Ilikuwa mara ya kwanza Atieno kupambana na upepo mkubwa akiwa yeye ndiye mwenye kusema, na mimi, mama yake, sikuwa na hakika kwamba angeuweza. Ulikuwa msimu wa mvua, na hofu hiyo ilinitafuna wiki nzima kabla ya siku yenyewe, kama panya kwenye gunia.

Lakini kwanza, mnajua upepo unatoka wapi? Msinijibu "huko." Huko ni wapi?

Mimi nilifundishwa na Mzee Barasa, aliyenitangulia katika kazi hii, na alinifundishia ndani ya jiko la hoteli tukisubiri chai. Moto ulikuwa unawaka, mlango umefungwa. Akaufungua kidogo tu, akaniambia nichutame.

"Weka mkono hapo chini. Unasikia nini?"

"Baridi, Mzee."

"Simama, weka huko juu."

"Joto."

"Basi umemaliza shule. Hewa moto inatokea juu, hewa baridi inaingia chini kuchukua nafasi yake. Sasa chukua hili jiko, ulifanye liwe wilaya yote ya Uasin Gishu."

"Na mlango uko wapi, Mzee?"

"Hakuna mlango. Ndiyo maana tuko na shida."

Mwenye hoteli akatufokea tufunge, tunampoza chapati.

Nilibeba jiko lile kichwani miaka yote. Asubuhi zetu ni baridi na tulivu, moshi unapanda wima. Jua likishapanda, shamba lililolimwa, jekundu na tupu, linapata moto haraka kuliko msitu na kuliko bwawa. Hewa iliyo juu ya shamba hilo inachemka, inakuwa nyepesi, inapanda. Hewa ya pembeni, iliyo baridi na nzito zaidi, inakimbilia pale. Mbio hizo ndizo upepo, hakuna siri nyingine. Tofauti ya joto ikiwa ndogo, unapata upepo wa kukausha nguo. Ikiwa kubwa, unapata upepo wa kuchukua nguo, kamba, na miti uliyofungia kamba.

Mnajua vile vimbunga vidogo vya vumbi vya Februari, vinavyozunguka shambani vikibeba mabua na karatasi za nailoni? Hivyo ni hewa moto inayopanda ikijisokota. Vinaweza kukupofusha kidogo na kupindua viti, na mara mojamoja kung'oa tenti iliyofungwa kivivu. Vikifika, geuza uso, funga macho, vitapita. Havikai.

Upepo unaoua watu wa tenti ni mwingine. Huo unatoka ndani ya wingu la mvua. Hewa moto imepanda tangu asubuhi, imejenga wingu refu, jeupe juu na la rangi ya jivu chini. Humo ndani mvua na mawe ya barafu vinaanza kuanguka, vinavuta hewa chini pamoja navyo. Matone mengine yanakauka njiani, na yakikauka yanaipoza hewa hiyo, nayo ikipoa inakuwa nzito zaidi. Inaporomoka. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya saruji uone: maji hayakai yalipoangukia, yanakimbia pande zote. Hewa ile ikigonga ardhi inafanya hivyohivyo. Ndiyo sababu upepo unatangulia mvua. Unafika jua likiwa bado linakuchoma utosi, wageni wanakunywa soda na kuambiana mvua iko mbali.

Ngoja nitoke kidogo.

Nimerudi. Mawingu ya leo ni bapa, hayana nia.

Atieno alisomea ufundi chuoni, na siku moja aliniambia jambo lililoninyima usingizi. "Mum, upepo ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Inakuwa mara nne." Nikampelekea Mzee Barasa habari hiyo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mara nne peke yake? Mimi nilikuwa nimedhani ni mara kumi." Lakini tangu siku hiyo tukaanza kupigilia vigingi virefu zaidi na kuvilaza, vichwa vikitazama mbali na tenti. Sasa mna mikanda ya kukaza na mabomba ya chuma, na simu inayowaonyesha mvua iliko. Vitu vizuri. Simu nayo inaisha chaji.

Wateja nao. Kulikuwa na bwana mmoja wa mtaa wa West Indies hapa Eldoret aliyeweka matofali mapya ya cabro uwanja mzima, akasema vigingi visiyaguse. Nikamwambia tutahitaji mapipa ya zege kuwa uzito. Akasema hayo mapipa yataharibu picha za harusi. "Fungeni kwa gari langu," akasema. "Hilo ni zito kuliko mapipa yenu." Kisha nikatumwa mjini kuchukua pazia, na niliporudi nikakuta kamba mbili zimefungwa kwenye bampa, mwenye gari akijisifu mbele ya wakwe. Sikupata nafasi ya kuzifungua. Upepo haukuwa hata mkubwa. Tenti ilijaza kifua mara moja, ikatulia, na bampa ikabaki inaning'inia hewani kama kengele ya kanisa. Wakwe walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya programu.

Sasa nije kwa ugonjwa wetu sisi wenyewe.

Watu wa hapa, wawe wametoka upande wa ziwa au wamezaliwa hapa juu, hawawezi kuona kitu kikianguka wasikishike. Ni tabia nzuri, ndiyo inayojenga makanisa na kulipia watoto shule. Lakini upepo ukija kwenye sherehe, wanaume wote wenye suti wanaruka na kukumbatia nguzo. Utaona wajomba watano kwenye bomba moja, wameling'ang'ania kama ndugu aliyetoka ng'ambo. Wanajiona wanasaidia. Hawajui kwamba upepo hausukumi tenti kwa ubavu tu. Unaingia chini na kuisukuma juu, na ule unaopita mgongoni unaivuta juu. Paa lote linakuwa bawa. Wajomba watano hawazidi bawa. Watapanda nalo, na mmoja akiogopa akaachia, wanne wanapanda haraka zaidi. Mzee Barasa alimwona mtu akiinuliwa hadi kimo cha paa la nyumba kwenye mazishi, akashushwa bila huruma, na hakutembea vizuri tena. Nguzo yenyewe, ikishang'oka, inarudi na kile chuma cha chini ikizunguka kama rungu.

Kwa hiyo sheria ya Barasa, ambayo nimeipigia kelele kwa kila kijana aliyewahi kula ugali wangu: upepo ukishaingia ndani, achia nguzo. Ni nguo tu. Toa watu, achia nguzo.

Jumamosi hiyo ya Aprili, shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na Mwalimu Kosgei alikuwa anafanya sherehe ya shukrani baada ya kufundisha pale maisha yake yote. Kikosi cha Atieno kilisimamisha tenti yetu kubwa uwanjani. Mimi nilikuwa hapa nyumbani na maagizo ya kupumzika. Baada ya chakula cha mchana nguo zilizokuwa zikicheza kwenye kamba zikasimama. Zote, kwa pamoja. Nikatazama mashariki. Wingu lilikuwa linafura kama maziwa yanayopanda kwenye sufuria ya chai, na chini yake kulikuwa na weusi uliokunjamana.

Nikampigia Atieno. Simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Nikavaa viatu.

"Mama, unaharakisha wapi hivyo?" kijana wa boda akaniuliza.

"Kwenye tenti."

"Harusi ama matanga?"

"Bado haijaamuliwa. Endesha."

Tulipofika, Kiprop, anayepigilia vigingi vizuri kuliko nyote mlio hai, alinipokea langoni akitabasamu. "Mathe! Si ulistaafu?"

"Nimekuja kula."

"Basi utangoja sana. Pasta ameanza kuomba. Saa hii amefika Israeli, na bado hajapitia Misri."

Ni kweli. Tenti ilikuwa imejaa, vichwa vimeinama, wazee mbele, kina mama na watoto katikati, kwaya pembeni katika vitambaa vyao vyeupe. Na hapa, vijana, mnajua: mtu hainuki wakati wa maombi. Unaweza kutoka kwenye hotuba ya mheshimiwa, unaweza kutoka wakati wa kuhesabu zawadi. Wakati wa maombi hata mwenye kikohozi hukimeza.

Atieno alikuwa amesimama nyuma, mikono kiunoni, akitazama upande niliokuwa nautazama.

"Nimeliona, Mum," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Basi shusha tenti."

"Kuna watu ndani."

"Watoe, halafu ushushe. Kiprop anaweza kuanza na ile kona ya..."

"Watu watatoka. Kushusha, sidhani." Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, bila kunitazama. "Nikianza kushusha, vijana wangu watakuwa chini ya turubai na kamba mkononi, wakati hiyo kitu inafika. Hapana."

"Atieno, hiyo tenti..."

"Najua ni tenti gani."

Alijua. Ile nyeupe yenye mistari ya kijani. Kila mshono wake niliupitisha kwa mashine yangu, usiku na mchana, yeye akiwa mtoto mchanga amelala kwenye kikapu chini ya meza ya cherehani. Tenti hiyo ndiyo iliyomlisha. Imeshonwa upya mara nyingi mpaka sijui kama bado ni ileile, lakini mikono yangu inaijua.

"Na Mum, tafadhali," akaongeza, "usiongee na vijana. Wakisikia sauti mbili watasimama katikati, na katikati ndiko watu huumia."

Hayo maneno ni yangu. Niliyasema uwanjani kabla hajajua kusoma. Nikafunga mdomo, na haikuwa rahisi. Nilihisi maneno yakinisukuma meno kutoka ndani.

Sikujua angewatoaje watu. Mimi ningepiga kelele. Ningenyakua maiki, na wangeinuka kwa pamoja, na viti vya plastiki vingeshika miguu, na wazee wangekanyagwa. Yeye aliinama, akapita pembeni mpaka kwa Mama Jeptoo, kiongozi wa kwaya, akapiga magoti kando ya kiti chake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mama, naomba mwimbe mkitoka. Polepole tu, mpaka kwa madarasa. Watu wawafuate."

"Mchungaji hajasema amina."

"Mama, hiyo wingu haitangoja amina."

Mama Jeptoo alifungua macho, akageuza shingo mashariki. Kisha akasimama. Mwanamke mnene, mtulivu, aliyevaa viatu vya kwenda kanisani. Akaanza wimbo katikati ya maombi.

Niliona vichwa vikiinuka kwa mshangao, kimoja, kingine. Kwaya ikamfuata bila kuuliza, wakaanza kupiga hatua kwa mwendo wa wimbo, kushoto, kulia, wakielekea nje kwenye madarasa ya mawe. Na watu wetu, vijana, hawawezi kuona kwaya ikitembea wakabaki wamekaa. Wakainuka wakipiga makofi. Mwalimu Kosgei akamshika mkewe mkono. Watoto wakakimbilia mbele. Mchungaji alifungua jicho moja, akaona mahali pa kondoo wake pamebaki viti, akaona na wingu, akasema "Amina" katikati ya sentensi na kuingia mstarini, mikono juu.

Wakati huohuo Atieno alikuwa akiwatuma vijana kwa vidole, bila kelele. Chelimo kwenye moto wa kupikia, amwage maji na afunike kwa udongo, maana kaa moja likirushwa na upepo linachoma shule nzima. Wanjala akazima jenereta na kuangusha zile spika ndefu zilale chini. Kiprop akawa nyuma ya umati, akiwasindikiza wazee wa mwisho.

Moshi wa mwisho wa moto ule ukasimama wima. Kisha ukainama, ukageukia kwetu.

Hewa ikawa baridi ghafla, ikinuka udongo uliolowa mahali ambapo sisi hatukuwa. Mabati ya choo yakaanza kupiga makofi. Ng'ambo ya uzio, miti ya bluegum iliinama yote pamoja, na nyuma yake ukuta wa vumbi jekundu ulikuwa unakuja, mrefu, ukiwa na matawi ndani yake.

"Madarasani!" Atieno akapaza sauti. "Kila mtu! Acheni vitu!"

Vijana wakakimbia. Mimi pia nilikuwa nakimbia, au nilidhani hivyo. Tenti ilijaa upepo kwa mshindo mmoja, mstari wa kijani ukakaza, na kwenye kona ya mbele nikauona mshono wangu ukianza kufunguka, uzi mmoja, uzi wa pili. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu baridi ya bomba kwenye viganja vyangu. Mimi, mwenye magoti ya kupumzishwa, nilikuwa nimeikumbatia nguzo kwa mikono miwili.

Iliniinua visigino. Ikanishusha. Ikaniinua tena, na mara hii vidole vya miguu viliachana na nyasi.

"Mum!"

Nilisikia. Lakini nilikuwa nashikilia mtoto kwenye kikapu, sijui niseme vipi. Kushoto kwangu vigingi vilikuwa vinang'oka kimoja baada ya kingine.

Ndipo akaniita kwa sauti nyingine, ile tunayoitumia kazini, kavu, isiyobembeleza mtu.

"Mama Turubai! Achia nguzo!"

Mikono ikaachia. Haikuniuliza. Nilianguka kifudifudi, na kitu kizito kikaniangukia mgongoni, nikadhani ndiyo nguzo imerudi, kumbe ni yeye. Chuma cha nguzo kilipita juu yetu kwa mlio kama wa fimbo inayokata hewa. Nilipogeuza shavu niliiona tenti yangu ikienda. Ilipanda ikiwa imekunjuka yote, nyeupe na kijani, ikavuka milingoti ya goli, ikavuka uzio, na viti vikawa vinaifuata kwa mbio uwanjani kama vina haja nayo. Ilikuwa nzuri. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri kuliko siku yoyote niliyoisimamisha.

Kisha mvua ya mawe ikaanza kutupiga, na Atieno akaniinua kwa kwapa, tukakimbia vibaya mpaka darasa la kwanza.

Humo ndani walikuwa bado wanaimba. Kelele ya mawe juu ya mabati ilikuwa kubwa mno hata wimbo ulionekana midomoni tu. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye madawati madogo, magoti yakigusa videvu. Mwalimu Kosgei alikuwa amesimama mbele ya ubao wake, mahali pake pa zamani, akiwapungia watu waingie ndani zaidi, waache madirisha.

Atieno hakukaa. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka, matope kwenye shavu, damu kidogo kwenye kiwiko. Hakutazama uwanja. Hakuuliza tenti imeangukia wapi. Mawe yalipopungua, aliita kikosi, jina kwa jina, kama inavyotakiwa kufanywa kabla ya mtu yeyote kutaja hasara.

"Kiprop!"

"Niko."

"Chelimo!"

"Niko hapa, moto umezima."

"Wanjala!"

"Niko. Nimepoteza kiatu, lakini mimi niko."

Watu wakacheka, kicheko cha watu ambao bado wanatetemeka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yanapita juu ya vichwa, dawati hadi dawati, yakinitafuta kwenye kona niliyokuwa nimejiegemeza ukutani.

"Mama Turubai!"

Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyeita majina. Hakuna aliyewahi kuita langu.

"Mama Turubai!" Mara hii sauti ya kazi ilikuwa imevunjika katikati.

"Niko, msimamizi," nikasema, na nikainua mikono yangu miwili, mitupu, juu ya vichwa vya watu, ili aione.